Rais asiyeendesha serikali ana kazi gani? Tuitazame Italia

Machi 2023 Rais wa Italia, Sergio Mattarella, alizuru Kenya. Alipomaliza shughuli za Nairobi aliteremka hadi huku kwetu Pwani, akakitembelea kituo cha anga cha Luigi Broglio kilichoko Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi. Wazee wa Malindi na Magarini wanakijua kituo hicho tangu miaka ya sitini, Waitaliano walipoanza kurusha satelaiti kutoka jukwaa walilolisimamisha baharini. Mojawapo ya satelaiti hizo, mali ya Wamarekani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la Uhuru.

Ni rahisi kudhani kwamba aliyekuja Ngomeni siku ile ndiye mwenye serikali ya Italia. Kwa mazoea yetu ya Kenya, rais akiahidi barabara jukwaani, waziri anayehusika huanza kutafuta kalamu papo hapo. Mattarella si rais wa aina hiyo. Hana bajeti ya kugawa, hana chama anachokiongoza, hana manifesto. Siku alipokuwa Ngomeni, serikali ya Italia ilikuwa mikononi mwa Giorgia Meloni, Waziri Mkuu tangu Oktoba 2022. Mpwani mwenye ombi kuhusu mradi wa Waitaliano hapa angemwandikia Mattarella barua nzuri sana, lakini wa kuijibu kwa vitendo ni mawaziri wa Bi Meloni.

Basi swali la barazani huwa ni hili: yuko pale kwa nini? Jumba la Quirinale mjini Roma, ambalo kabla yake lilikaliwa na mapapa na kisha wafalme, lina vyumba zaidi ya elfu moja, na mlangoni wako askari warefu wenye farasi na dirii za kung'aa. Gharama yote hiyo ni ya mtu wa kukata utepe?

Swali hili si la Waitaliano peke yao. Sisi Wakenya tumelizungukia kwa zaidi ya miaka 20. Rasimu ya Bomas ya mwaka 2004 ilitaka serikali iongozwe na waziri mkuu, rais abaki nembo ya umoja wa taifa. Rasimu ya wataalamu ya Novemba 2009 ikalirudia wazo hilo. BBI ilikuja na waziri mkuu wa namna nyingine, na ripoti ya mazungumzo ya kitaifa, NADCO, ya Novemba 2023, nayo ikapendekeza ofisi hiyo. Kila hoja hii inaporudi kuna anayecheka na kusema hatuhitaji rais wa maua na picha. Nadhani anayecheka hivyo hajaitazama kazi yenyewe ilivyo. Kazi ya rais wa namna hii haionekani serikali inapokuwepo. Huonekana siku ambayo haipo.

Turudi nyuma kidogo. Oktoba 1922 wafuasi wa Benito Mussolini walikuwa wakiandamana kuelekea Roma. Waziri mkuu wa wakati huo, Luigi Facta, aliandaa amri ya hali ya hatari ili jeshi liwazuie. Amri hiyo ilihitaji sahihi ya Mfalme Vittorio Emanuele III, ambaye hakuwa akiendesha serikali. Mfalme akakataa kutia sahihi, na siku chache baadaye akamwita Mussolini aunde serikali. Mwaka 1943, vita vilipomgeukia Mussolini na wakuu wa chama chake mwenyewe kumkana, ni mfalme yuleyule aliyemfuta kazi. Italia iliumia zaidi ya miaka 20 kati ya sahihi iliyokosekana na barua ya kufutwa kazi, na zote mbili zilitoka kwa mtu aliyedhaniwa kuwa pambo la taifa.

Waliokaa kuandika katiba mpya baada ya vita walikuwa wameyaona hayo kwa macho yao. Tarehe 2 Juni 1946 wananchi walipiga kura kuuondoa ufalme, na katiba ya jamhuri ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1948. Humo rais amepewa orodha ndefu: ni mkuu wa dola, hutia sahihi sheria, huitisha uchaguzi, huidhinisha mikataba na nchi za nje, ni mkuu wa majeshi kwa jina, huongoza baraza la mahakimu, hutoa msamaha kwa wafungwa, na huteua majaji 5 kati ya 15 wa Mahakama ya Katiba. Ukiisoma orodha hiyo haraka utadhani huyu ni Jomo Kenyatta. Kisha unafika kifungu cha 89, kinachosema hakuna hati ya Rais iliyo halali bila sahihi ya waziri aliyeipendekeza. Waziri ndiye anayebeba lawama, na kwa hiyo, mara nyingi, waziri ndiye anayeamua.

Mara nyingi, si kila mara. Kuna mambo mawili ambayo hayana mwenyewe ila Rais, nayo ni kumteua anayejaribu kuunda serikali, na kulivunja bunge au kukataa kulivunja. Serikali yenye wabunge wa kutosha ikiwa imekaa imara, mamlaka hayo mawili yamelala. Serikali ikianguka, yanaamka.

Na serikali za Italia huanguka. Hii ya Meloni ilipoapishwa ilikuwa ya 68 tangu 1946.

Mwaka 2018 ndio unaoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi haukumpa yeyote wingi wa kutosha bungeni. Vuguvugu la Nyota Tano likiongozwa na Luigi Di Maio lilikuwa chama kikubwa kuliko vyote, lakini peke yake lisingeweza kitu. Muungano wa mrengo wa kulia, ambamo Matteo Salvini na chama chake cha Lega walikuwa wamekuwa na nguvu kuliko wenzao, nao ulipungukiwa. Mattarella akaanza kuwaita Quirinale, chama baada ya chama, awasikilize, awarudishe nyumbani, awaite tena. Haya ndiyo Waitaliano huyaita mashauriano. Machi ikaisha, Aprili ikaisha. Hakuna aliyefunga barabara, na ofisi za serikali zilifunguliwa asubuhi kama kawaida, zikiwa chini ya waziri mkuu aliyekuwa akingoja kuondoka.

Mwezi Mei, Di Maio na Salvini walielewana. Wakamleta profesa wa sheria, Giuseppe Conte, ambaye hakuwa mbunge na raia wengi hawakuwa wakimjua. Mattarella akamkubali. Conte akarudi na orodha ya mawaziri. Rais akaipitia, akasimama kwenye jina moja: Paolo Savona, mwanauchumi wa miaka 81, aliyependekezwa kuwa waziri wa uchumi na anayejulikana kwa kuipinga sarafu ya yuro. Tarehe 27 Mei Rais alisema hapana kwa jina hilo. Hoja yake, aliyoitoa hadharani jioni ile, ilikuwa kwamba kutoka kwenye yuro ni jambo zito ambalo halikuwekwa wazi mbele ya wapiga kura wakati wa kampeni, na kwamba hofu iliyokuwa imeanza kwenye masoko ya fedha inatishia akiba za familia.

Conte akarudisha kazi aliyopewa. Di Maio akatangaza kwamba Rais ashtakiwe bungeni aondolewe. Siku ya pili yake Mattarella akampa Carlo Cottarelli, mtu aliyewahi kufanya kazi Shirika la Fedha Duniani, jukumu la kuunda serikali ya mpito.

Hapa msomaji wa Kenya lazima akohoe. Tunalijua hilo Shirika la Fedha, na tunajua maana ya kuambiwa kwamba wakopeshaji wamekasirika. Wapiga kura wamechagua vyama viwili, vyama viwili vimekubaliana, kisha anakuja mzee ambaye hakupigiwa kura na mwananchi hata mmoja anasema huyu hafai kwa sababu masoko yanatetemeka. Mimi naona katiba ilimpa Mattarella haki ya kukataa. Kifungu cha 92 kinasema Rais huteua mawaziri kwa mapendekezo ya waziri mkuu, na hata Rais Oscar Luigi Scalfaro mwaka 1994 alikataa Cesare Previti, wakili wa Silvio Berlusconi, asipewe wizara ya sheria. Previti akapelekwa ulinzi na maisha yakaendelea. Lakini hoja ya masoko ina hatari yake. Ukiikubali leo kwa yuro, kesho mtu mwingine ataitumia kwa mshahara wa mwalimu.

Tazama lakini yaliyofuata. Cottarelli hakuwa na wabunge na alijua hilo. Tarehe 31 Mei Di Maio na Salvini walirudi mezani. Savona akahamishiwa wizara ya mambo ya Ulaya, profesa mwingine, Giovanni Tria, akachukua uchumi, na tarehe 1 Juni Conte akaapishwa. Serikali ilikuwa ileile, waziri mkuu yuleyule, vyama vilevile. Siku 5 tu zilipita tangu ile hapana. Kumshtaki Rais hakukuzungumzwa tena. Mattarella alikuwa ameondoa jina moja kwenye kiti kimoja, wala hakuichagua serikali. Siasa za Salvini juu ya wahamiaji zilitekelezwa baadaye bila Quirinale kuweza kuzizuia, ingawa kila mtu alidhani anajua mzee anawaza nini.

Rais huyu akitaka kuikwamisha sheria, ana nafasi moja. Huirudisha bungeni na maelezo ya kinachomkera. Bunge likiipitisha tena, lazima atie sahihi. Desemba 2003 Carlo Azeglio Ciampi aliirudisha sheria ya utangazaji iliyokuwa ikimnufaisha Berlusconi, ambaye wakati huohuo alikuwa waziri mkuu na mwenye televisheni. Bunge likaifanyia marekebisho, na mwaka uliofuata Ciampi huyohuyo akaitia sahihi. Alichopata ni miezi michache na mjadala wa wazi, basi.

Sasa mfano unaonipa shida. Novemba 2011 Italia ilikuwa inazama kwenye madeni, riba ya mikopo ya serikali imepanda, na Berlusconi amepoteza wingi wake bungeni. Rais wakati huo alikuwa Giorgio Napolitano. Tarehe 9 Novemba alimteua mwanauchumi Mario Monti kuwa seneta wa maisha. Tarehe 12 Berlusconi akajiuzulu. Tarehe 16 Monti akaapishwa kuwa waziri mkuu na baraza la mawaziri lisilokuwa na mwanasiasa hata mmoja. Bunge lilimpigia kura ya imani, kwa hivyo kisheria hapakuwa na kasoro. Lakini ukizipanga tarehe hizo mstarini, zinasomeka kama ratiba iliyoandikwa mapema. Monti akapandisha kodi, akasogeza mbele umri wa kustaafu. Raia waliulizwa maoni yao Februari 2013: muungano wa Monti ulipata kama asilimia 10, na Nyota Tano, chama ambacho hakikuwahi kugombea uchaguzi wa kitaifa, kikachukua robo ya kura zote. Waliokuwa wakisema Rais ameokoa nchi na waliokuwa wakisema Rais amepindua nchi kwa kalamu bado hawajapatana, na si lazima wapatane.

Waitaliano wenyewe huufananisha urais wao na kodiani, ile tunayoijua kwenye taarab. Vyama vikiwa na nguvu, kodiani hufungwa na sauti yake ni ndogo. Vyama vikidhoofika, hufunguka ikajaza ukumbi. Mpigaji ni yuleyule na chombo ni kilekile. Agosti 2019 Salvini aliiangusha serikali akitaka uchaguzi wa haraka, kwa kuwa kura za maoni zilikuwa zinampendelea. Mattarella hakulivunja bunge. Aliuliza kwanza kama kuna wabunge wa kutosha kuunda serikali nyingine, wakapatikana, na Septemba Conte akarudi na washirika wapya, Salvini akiwa nje. Februari 2021, katikati ya korona, alimwita Mario Draghi, aliyekuwa mkuu wa Benki Kuu ya Ulaya, na karibu vyama vyote vikamuunga mkono. Julai 2022 vyama hivyo vilipojitoa, Rais hakutafuta njia nyingine. Alilivunja bunge, watu wakapiga kura tarehe 25 Septemba, Meloni akashinda vizuri, akaapishwa mwezi uliofuata. Tangu hapo kodiani imefungwa, na ndiyo maana mgeni wetu wa Ngomeni alionekana kama mzee wa heshima anayezuru.

Jambo hilohilo utaliona kwa jirani yetu Ethiopia, ila kwa upande wa pili. Ethiopia nayo ina rais asiyeendesha serikali. Kati ya 2018 na 2024 alikuwa Sahle-Work Zewde, mama ambaye kabla ya hapo aliongoza ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi, kwa miaka 7. Ni mwanadiplomasia mwenye uzoefu mkubwa kuliko wanasiasa wengi wa kizazi chake. Lakini chama cha Waziri Mkuu Abiy Ahmed kina karibu bunge zima. Hakuna siku ambayo hesabu ya wabunge inakosekana, kwa hivyo hakuna siku ambayo rais anahitajika kuamua lolote. Vita vya Tigray vilianza na kwisha kiti chake kikiwa pale kilipo. Ukimwondoa Mattarella Roma ukampeleka Addis Ababa, atakuwa mkata utepe, na busara zake zote haziwezi kumsaidia.

Sisi watu wa Pwani bendera isiyo na serikali tuliishi chini yake. Kwa miaka mingi bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea Mombasa, ardhi ya ukanda wa maili 10 ikihesabiwa ni yake, na huku mambo yote yakiamuliwa na Mwingereza. Wako wanaosema rais wa heshima ni Sultani huyo amerudi. Tofauti ni kwamba Sultani hakuwa na siku ambayo neno lake la hapana lingemzuia gavana. Rais wa Italia anazo siku hizo, ingawa ni chache.

Hapo ndipo linapokuja suala la nani anamchagua mtu huyu, na kwangu ndilo kubwa kuliko orodha ya mamlaka yake. Rais wa Italia hachaguliwi na wananchi. Huchaguliwa na mabunge yote mawili yakikaa pamoja, na wajumbe 3 kutoka kila mkoa, isipokuwa Valle d'Aosta inayotuma mmoja. Kura ni za siri. Raundi 3 za mwanzo zinahitaji theluthi mbili. Kuanzia ya 4, zaidi ya nusu. Muhula ni miaka 7, bunge likiwa la miaka 5, kwa hivyo waliomchagua huondoka yeye akibaki. Mwaka 1971 walipiga kura raundi 23 kabla ya kumpata Giovanni Leone. Januari 2022 walizunguka raundi 7 bila jibu, kisha ya 8 wakamrudia Mattarella, ambaye alikuwa ameshatangaza kwamba anataka kuondoka. Alipata kura 759 kati ya wapiga kura 1,009. Vyama vilivyomtusi mwaka 2018 vilikuwa miongoni mwa waliompigia.

Si mchezo safi. Kura za siri ni pango la usaliti. Mwaka 2013 waziri mkuu wa zamani Romano Prodi alikosa kura kama 100 za watu waliokuwa wamempigia makofi asubuhi yake. Lakini kinachotoka mwisho wa mvutano huo ni mtu ambaye hakuna upande unaoweza kusema ni wake. Mattarella mwenyewe ni mwanasheria wa katiba kutoka Palermo, aliwahi kuwa mbunge, waziri, kisha jaji wa Mahakama ya Katiba. Mwaka 1990 alijiuzulu uwaziri kupinga sheria ya televisheni. Kakake, Piersanti, aliyekuwa kiongozi wa mkoa wa Sicilia, aliuawa na Mafia tarehe 6 Januari 1980. Mtu huyo akiwaita wanasiasa wanaogombana, wanakwenda.

Sasa tuiangalie Kenya ya Desemba 2007. Matokeo yanabishaniwa, pande mbili kila mmoja anadai ushindi, na mkuu wa dola, ambaye angepaswa kuwa mtu wa kuwaita wote wawili, ni mmoja wa wagombea. Mwai Kibaki aliapishwa Ikulu jioni ya tarehe 30. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Nyumbani hapakuwa na mwenye mlango ambao Raila Odinga angeubisha bila kuonekana amesalimu amri. Ilibidi atafutwe mtu wa nje, Kofi Annan, raia wa Ghana, akae mjini Nairobi zaidi ya mwezi mmoja akiwaita mmoja baada ya mwingine, mpaka tarehe 28 Februari 2008 waliposhikana mikono. Kazi aliyoifanya Annan ndiyo kazi inayofanywa Quirinale, ila ile ya Quirinale mfanyakazi wake yupo kabla ya moto kuwaka.

Kenya iliwahi kuwa karibu na mpango huo. Kati ya 12 Desemba 1963 na 12 Desemba 1964 Jomo Kenyatta alikuwa waziri mkuu, na aliyesimama kama mkuu wa dola kwa niaba ya Malkia ni Gavana Mkuu Malcolm MacDonald. Wakati wa kuwa jamhuri ulipofika, viti viwili viliunganishwa kikawa kimoja. Chama cha KADU cha Ronald Ngala, mwana wa Pwani, ambacho kingeweza kupinga, kilijivunja Novemba 1964 na wabunge wake wakahamia serikalini. Tangu mwaka huo anayeshinda Ikulu huchukua vyote, na sisi ambao hatujawahi kutoa rais huingia serikalini kwa kubebwa na mwingine.

Je, rasimu ya Bomas ingetupa Mattarella wetu? Hapa natofautiana na marafiki wengi walioipigania. Bomas, na hata rasimu ya 2009, zilitaka rais huyo wa umoja achaguliwe moja kwa moja na wananchi nchi nzima. Mtu aliyezunguka kaunti zote akiomba kura, akashinda kwa mamilioni, hatakubali kukaa Ikulu akipokea mabalozi. Atakuwa na kura zake, waziri mkuu atakuwa na wabunge wake, na mafahali wawili watakuwa zizi moja. Somalia tumeyaona hayo mwaka 2021, Rais Mohamed Abdullahi Farmajo na Waziri Mkuu Mohamed Hussein Roble wakivutana hadharani juu ya nani anaamuru nini. Na pale rais huchaguliwa na wabunge. Uchague na wananchi ndipo utaona.

Ajabu ni kwamba Waitaliano nao wanataka kupita njia hiyo, ila kutoka mlango mwingine. Serikali ya Meloni ilipeleka mswada wa kubadilisha katiba ili waziri mkuu achaguliwe moja kwa moja na raia. Seneti iliupitisha kwa mara ya kwanza Juni 2024. Rais atabaki na jumba lake, farasi wake na miaka yake 7. Lakini waziri mkuu akiwa tayari ametoka kwa wapiga kura, Rais hatakuwa na wa kumtafuta, na yale mashauriano ya 2018, 2019 na 2021 hayatakuwa na maana. Wanaouunga mkono wanasema serikali 68 zimetosha, raia amchague mtawala wake na amjue. Ni hoja yenye uzito. Lakini katiba yao haibadilishwi kwa pupa: kila bunge lazima lipige kura mara mbili, na pasipopatikana theluthi mbili, wananchi wanaweza kuitwa kuamua. Matteo Renzi alijaribu mageuzi yake Desemba 2016, karibu asilimia 60 wakakataa, akaondoka madarakani.

Kwetu, mapendekezo yaliyoko mezani hayamgusi rais. Waziri mkuu wa BBI alikuwa wa kuteuliwa na rais, akimtumikia rais, na mkuu wa dola akiendelea kuwa mkuu wa serikali na kinara wa chama kimoja. Kuibadilisha hali hiyo kwa dhati kungeugusa mfumo mzima, na kwa kifungu cha 255 cha Katiba ya 2010 mambo yanayohusu kazi za bunge na muhula wa rais hayapiti bila kura ya maoni, ambayo lazima angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika nusu ya kaunti zote 47. Kaunti 6 kati ya hizo ni zetu. Januari 2010 kule Naivasha, wabunge walikaa siku chache tu wakakifuta kiti cha waziri mkuu kwenye rasimu, na nguvu zote zikarudi Ikulu. Wakati huo Pwani ilikuwa ikizungumzia ardhi na majimbo. Kifungu cha nani amchague rais, na baada ya uchaguzi wenye utata nani awaite wagombea mezani, hakikupata mtetezi wa kutoka kwetu.